Kulala Hemani, Nyumba ya Kale au Chini ya Bahari: Jua Unacholipia

Umechoka na hoteli ya kawaida. Safari hii unataka kulala hemani Serengeti, kwenye nyumba ya kale Lamu, au kwenye chumba kilicho chini ya maji Pemba. Ni uamuzi mzuri. Malazi ya aina hii yana utamu ambao chumba chenye kiyoyozi na televisheni hakiwezi kukupa.

Ila yana masharti yake. Wageni wengi wanaorudi wamenuna hawakuibiwa wala kudanganywa. Walikwenda na picha moja kichwani, wakakuta nyingine. Zilinganishe picha hizo mbili ukiwa bado nyumbani, na fedha zikiwa bado mfukoni mwako. Fanya hivi.

Taja kitu kimoja unachokifuata

Kabla hujatafuta bei, andika sentensi moja: "Nakwenda kule kwa sababu..." Malizia kwa kitu kimoja tu. Kusikia simba usiku. Kuona nyota. Kulala kwenye nyumba yenye miaka mingi kuliko babu yako.

Sentensi hiyo itakusaidia kuchagua. Kule Loisaba, Laikipia, kuna vitanda vyenye magurudumu. Jioni husukumwa nje kwenye jukwaa la mbao, ukalala chini ya anga tupu. Unacholipia hapo ni anga. Kama kinachokuvuta ni bwawa la kuogelea au mlo wa kifahari, tafuta kwingine.

Ukishindwa kuimalizia sentensi hiyo, subiri. Huenda unachohitaji ni kupumzika tu, na hoteli ya kawaida itakufaa zaidi.

Kubali kinachokuja pamoja nacho

Ukipenda boga, penda na ua lake. Kila malazi ya ajabu yana usumbufu unaotokana na uzuri wenyewe. Utafute mapema.

Chukua chumba cha chini ya maji cha Pemba, kilichofunguliwa 2013 na kubuniwa na Mswidi Mikael Genberg. Kina orofa tatu: paa la kuotea jua, sakafu iliyo sawa na uso wa bahari, na chumba cha kulala kilicho mita nne hivi chini, chenye madirisha pande zote. Bafu na choo viko juu, kwenye ile sakafu ya kati. Ukibanwa usiku, utapanda ngazi. Chumba kinaelea, kwa hiyo bahari ikichafuka nawe utatikisika. Samaki watakuja wakitaka, na maji yatakuwa maangavu kadiri upepo na mawimbi yatakavyoruhusu.

Au chukua kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja. Vibanda vyake hukinga maji ya mvua, hutumia umeme wa jua, na vyoo vyake hugeuza kinyesi kuwa mboji. Hakuna maji ya kuvuta. Ukiuliza sababu, itazame miamba ya matumbawe iliyo mbele yako. Maji machafu hayamwagwi baharini ili ibaki hai. Choo kile na matumbawe yale ni kitu kimoja.

Angalia kalenda nne

Tarehe yako ya likizo inaweza kukunyima kile unachokifuata. Kagua mambo manne kabla ya kulipa.

*Mvua.* Masika huwa Machi hadi Mei sehemu nyingi za ukanda wetu, na vuli huja kati ya Oktoba na Desemba. Bei hushuka masika, lakini barabara za porini huwa tope na baadhi ya kambi hufungwa. Ukienda kipindi hicho, panga siku ya ziada ya kuchelewa.

*Mwezi.* Ukifuata nyota, chagua siku za mwezi mwandamo. Mwezi mpevu unapendeza kwa matembezi ya ufukweni, lakini hufifisha nyota.

*Maji ya bahari.* Mashariki mwa Unguja, kama Paje na Jambiani, maji hupwa mbali sana. Kwa saa kadhaa hutaogelea mbele ya chumba chako. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa huwa kubwa zaidi. Tafuta jedwali la maji, upange kuogelea na kutembea kulingana nalo.

*Wanyama.* Nyumbu hawakai mahali pamoja. Januari hadi Machi huwa kusini, upande wa Ndutu, wakizaa. Julai hadi Oktoba huwa kaskazini, ambako huvuka Mto Mara. Hema zuri la Ndutu mwezi Agosti halitakuonyesha mvuko hata ukae wiki nzima. Kama tarehe zako hazibadiliki, badilisha kambi.

Omba video ya simu

Picha za matangazo hupigwa asubuhi mwanga ukiwa mzuri, kwa lenzi inayopanua chumba. Zinakuonyesha siku bora ya mwaka mzima.

Mwandikie mwenye malazi: "Naomba unirushie video fupi ya chumba hichohicho, kuanzia mlangoni mpaka chooni." Anayejiamini atakutumia siku hiyohiyo. Anayezungukazunguka, muache.

Halafu soma maoni ya wageni waliotoa alama za katikati. Wenye furaha kupita kiasi na wenye hasira kupita kiasi hawakusaidii sana. Tafuta waliokwenda mwezi kama wako. Wakitaja jambo lilelile watu watatu, liamini.

Uliza maswali haya kwa maandishi

Usiulize "Panafaa?" Utajibiwa panafaa. Uliza mambo yenye jibu moja:

- Choo kiko ndani au nje? Ni cha kuvuta, cha shimo au cha mboji?
- Maji ya moto hupatikana saa ngapi, na kwa njia gani?
- Umeme ni wa jua, wa jenereta au wa gridi? Huzimwa saa ngapi? Simu nitachaji wapi?
- Usiku wa mwezi huo kuna baridi au joto kiasi gani? Mnatoa blanketi ngapi?
- Mtandao gani wa simu unashika hapo?
- Chandarua kipo?
- Bei inajumuisha nini? Kiingilio cha hifadhi, boti, maji ya kunywa na chakula vimo?
- Kuna bei ya raia au mkazi? Nije na kitambulisho gani?
- Watoto wanaruhusiwa kuanzia umri gani?
- Hali ya hewa ikiharibika, mtanihamishia wapi, na fedha zangu zitakuwaje?

Swali la mwisho lina uzito kuliko yote. Chumba cha baharini au cha juu ya mti kinaweza kufungwa kwa sababu ya dhoruba. Jibu liwe kwenye meseji, usiliache kwenye maneno ya simu.

Ukienda hemani

Kwenye kambi nyingi za porini utaoga kwa ndoo. Unamwambia mhudumu saa unayotaka. Anapasha maji, anayamimina kwenye chombo kilichoinuliwa nyuma ya hema, nawe unafungua. Kwa kawaida ni lita 20 hivi. Jimwagie, funga, jipake sabuni, fungua tena. Nywele ndefu zioshe kabla hujaondoka mjini.

Mchana hema hupata joto kali. Usipange kulala saa nane mchana. Kaa kivulini au utoke kutembelea hifadhi.

Usiku hupiga baridi, hasa sehemu za juu. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti utahitaji sweta zito na kofia ya sufu. Afrika nayo ina baridi.

Kambi nyingi hazina uzio. Giza likiingia, usitembee peke yako hata hatua ishirini. Subiri askari akusindikize kwenda na kurudi. Funga zipu hadi mwisho, na usiweke chakula hemani. Nyani na fisi huvutwa na chakula.

Utasikia sauti usiku kucha. Hizo ndizo ulizozilipia. Ukijua hivyo mapema, utalala.

Ukilala nyumba ya kale

Mji wa kale wa Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, Unguja tangu 2000 na Lamu tangu 2001. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zikabebwa na boriti za mikoko.

Boriti hizo ndizo zilizoamua upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Usitarajie ukumbi. Tarajia kuta nene, zidaka za kuwekea vitu, na ubaridi mzuri mchana.

Ngazi zake ni kali na vidato vyake ni virefu. Ukisafiri na mzee, au mtu mwenye goti bovu, omba chumba cha chini. Ukitaka upepo, omba cha juu kabisa. Vyote viwili hutavipata pamoja, kwa hiyo amua.

Vichochoro vya Lamu havipitiki kwa gari. Mzigo wako utabebwa begani, kwa mkokoteni au kwa punda. Njoo na begi linalobebeka. Alfajiri utaamshwa na adhana, na punda wataitikiana kabla hujanywa chai. Majirani wako karibu, na mazungumzo yao yatakufikia. Unakaa ndani ya mji wa watu, uheshimu: vaa kwa stara ukitoka, piga hodi, salimia wazee kwa shikamoo.

Ukienda Ramadhani, uliza mapema kuhusu chakula cha mchana. Migahawa mingi hufungwa hadi magharibi. Badala yake utapata jioni zenye uhai na futari isiyosahaulika.

Ukilala mlimani

Njia ya Marangu ndiyo pekee ya kupanda Kilimanjaro yenye vibanda vya kulala wageni. Mandara iko karibu mita 2,700, Horombo karibu 3,700, na Kibo karibu 4,700. Wengi husikia "vibanda" wakafikiria loji. Ni vitanda vya juu na chini, godoro, na wenzako msiofahamiana wakikoroma pembeni. Mfuko wa kulalia ni juu yako. Kodisha mzito.

Usiku wa Kibo usiupangie usingizi. Utaamshwa kama saa tano usiku uanze kupanda kuelekea kileleni. Hapo lala kwa saa unazopata, kunywa maji, na uwe umeshapanga nguo zako tangu jioni.

Kwenye mwinuko ule watu wengi hulala kwa kushtukashtuka hata wakiwa wazima. Hilo ni la kawaida. Kichwa kikiuma sana, ukitapika au ukianza kuyumba, mwambie mwongozaji palepale. Usijikaze.

Wape wanyama uhuru wao

The Ark, ndani ya Hifadhi ya Aberdare nchini Kenya, imejengwa mithili ya safina mbele ya bwawa na sehemu ya chumvi ambapo wanyama huja usiku. Wakifika, kengele hulia kuwaamsha wageni. Usiku mmoja kengele inaweza kulia mara nyingi, mwingine isilie kabisa.

Weka koti na viatu kando ya kitanda, ili ikilia utoke haraka. Na isipolia, usimlaumu mhudumu. Hakuna mwenye loji anayemwamuru tembo.

Kanuni ni hii: ukikaa usiku mmoja, unabahatisha. Ukikaa usiku miwili, unajipa nafasi. Kama mnyama fulani ndiye sababu ya safari yako, panga usiku miwili au mitatu.

Funga mzigo unaojibu matatizo

Ndege ndogo za kwenda hifadhini kwa kawaida huruhusu kilo 15, tena kwenye begi laini. Kwa hiyo chagua. Vitu hivi vina faida kuliko nguo ya tatu ya kupigia picha:

- tochi ya kichwani, mikono ibaki huru ukienda chooni usiku
- pawabenki iliyojaa
- vizibo vya masikio
- sweta na kofia ya sufu
- ndala za bafuni
- dawa zako zote na dawa ya mbu
- noti ndogo ndogo za bakshishi na boti

Mifuko ya plastiki iache. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Tumia ya nguo.

Usijaze safari nzima

Malazi ya ajabu yanachosha. Yape usiku mmoja hadi mitatu, kisha malizia kwenye chumba cha kawaida chenye maji ya moto na kitanda kipana.

Hata waliobobea hufanya hivyo. Kule Jukkasjärvi, kaskazini mwa Uswidi, kuna hoteli ya barafu. Ndani ya vyumba vyake vya barafu joto huwa kati ya nyuzi 5 na 8 chini ya sifuri, na mgeni hulala ndani ya mfuko mzito juu ya ngozi za paa wa kaskazini. Wageni wengi hulala humo usiku mmoja tu, siku nyingine wakahamia vyumba vyenye joto. Mmoja unatosha kukumbukwa maisha yote.

Na usiweke usiku huo siku ya kufika. Ukitoka kwenye safari ya basi ya saa kumi nzima, hutakuwa na subira na ndoo ya maji. Pumzika kwanza, kisha nenda.

Waambie wenzako ukweli

Ugomvi mwingi wa safari huanza pale mmoja alipojua na mwingine hakujua. Ukimpeleka mke au mume wako mahali penye choo cha nje, mwambie kabla ya kulipa. Ukimpeleka mama, mweleze ngazi zilivyo. Watoto waonyeshe ile video ya simu, waulize maswali yao.

Asiyetaka asilazimishwe. Kuna kambi na loji zinazokaa jirani. Mnaweza kulala tofauti usiku mmoja na kukutana wakati wa chai.

Tenganisha la kuvumilia na la kudai

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Kuwa na matarajio ya kweli hakuna maana ya kukubali kila kitu.

Usumbufu unaotokana na mahali, uvumilie. Mjusi ukutani. Kumbikumbi kwenye taa baada ya mvua. Maji machache. Mtandao unaokatika. Baridi, upepo, sauti za usiku. Huwezi kuviondoa bila kuondoa pori au bahari yenyewe.

Usumbufu unaotokana na uzembe, udai urekebishwe. Shuka chafu. Chandarua kilichotoboka. Mlango usiofungika. Boti isiyo na jaketi za kuokolea. Askari asiyefika ulipomwita. Gharama ambayo hukuambiwa. Hakuna uzuri wa mahali unaohalalisha hayo.

Dai mapema, jioni ileile ya kwanza, kwa anayeweza kurekebisha. Sema kwa adabu na utaje unachotaka: "Samahani dada, chandarua chetu kina tundu. Tunaomba kibadilishwe kabla hatujalala." Mara nyingi kitabadilishwa kabla ya chakula. Ukinyamaza mpaka siku ya kuondoka, utakuwa umelala na mbu bure.

Ukiona jambo la hatari, usijadiliane sana. Boti bila jaketi za kuokolea usipande, hata kama umeshalipa.

Basi chukua simu yako leo. Andika ile sentensi moja, kisha mtumie mwenye malazi yale maswali kumi. Akikujibu wazi, na majibu yake ukaweza kuishi nayo, lipia. Ukifika, kitendee haki kile ulichokifuata: zima simu, toka nje, ukitazame.